Tia Mkono Ndani ya Gunia: Mboji za Dukani Tulizozipima Uani Kwetu

Mwanzoni mwa mwezi wa Rajabu, dada mmoja wa mtaani petu alisia mbegu za pilipili, nyanya na dania katika trei na makopo yaliyojaa sakafu yote ya juu ya nyumba yao. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Miche ya pilipili na nyanya angeiuza katika mwezi wa Shaabani ikishapata majani manne, na dania ingekuwa tayari kukatwa Ramadhani itakapoandama, wakati ambapo hakuna jiko mtaani lisilohitaji kishada cha dania kwa sambusa, bajia na kachumbari. Fedha za kuanzia alizipata katika chama cha akina mama, zamu yake ilipowadia, na karibu nusu ya fedha hizo alizitumia kununulia magunia sita ya mboji yenye picha ya nyanya nyekundu na maandishi yanayodai kuwa yafaa kwa mimea ya kila aina.

Mbegu ziliota vyema. Wiki ya pili miche ilisimama pale ilipofika, ikawa haikui. Wiki ya tatu ikaanza kugeuka manjano, kwanza majani ya chini, kisha yote, kama kanga iliyochujuka. Dada akaongeza maji, na maji nayo yakaleta ugonjwa wa mche kuozea shingoni. Wako waliosema sababu ni maji ya kisima, wako waliosema ni jua la kaskazi, na hawakukosekana walionong'ona juu ya kijicho. Sisi tulipoitwa kutazama tulikuta trei zaidi ya kumi zimeshamwagwa, na mwenyewe ameketi ngazini akituambia, "Dada zangu, huenda mkono wangu si wa kilimo."

Gunia moja lilikuwa halijafunguliwa. Tulikata uzi tukatia mkono hadi kiwiko. Ndani mlikuwa na joto kama la mkate wa mofa uliofunikwa kitambaa, na mkono ulipotoka ulikuwa umeshika vipande vya mbao ambavyo rangi yake ingali ya manjano, vikiwa na harufu kali ya kupalia pua. Hapo tukajua kuwa mkono wa dada yetu haukuwa na kosa lolote.

Wengi katika sisi tunaoishi mjini hatuna shamba. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na udongo uliopo juu yake ni haba, wenye chokaa nyingi. Mama anayetaka mchicha, mnavu, nanaa au mrehani karibu na jiko lake hana budi kununua udongo kama anavyonunua unga. Lakini unga tumefundishwa kuukagua tangu utotoni: tunaunusa, tunautazama kama una fukusi, tunausugua kati ya vidole. Udongo tunaununua kwa kutazama picha iliyo juu ya mfuko. Na tusisahau kuwa mwaka 2024 hata wakulima wakubwa wa nchi hii waliuziwa magunia ya mbolea ya ruzuku ambayo hayakuwa mbolea, jambo likafika hadi Bungeni. Ikiwa hayo yalipita katika maghala ya umma, mfuko wa kando ya barabara nani anaukagua?

Basi tuliamua kujaribu wenyewe. Tulinunua aina nne, na gunia la dada likawa la tano. Ya kwanza ni mfuko wa lita 20 kutoka duka kubwa, uliosafiri kutoka Ulaya. Humo mna piti, yaani mimea ya kinamasini iliyooza nusu kwa karne nyingi chini ya maji. Ya pili ni tofali la vumbi la makumbi ya nazi, kilo 5, lililoshindiliwa hadi likawa gumu kama ubao. Ya tatu ni kile ambacho wauza miche wa kando ya barabara hukiita udongo mweusi, kikiwa kimefungwa katika viroba. Ya nne ni mboji ya samadi ya ng'ombe na majani, inayouzwa na mfugaji mmoja kupitia kitalu cha miche.

Tulitoboa ndoo tupu za rangi za lita 10, tukajaza ndoo tatu kwa kila aina, tukasia mchicha na kunde. Zote zilikaa chini ya kivuli kimoja na kupewa kipimo kimoja cha maji ya mfereji, asubuhi na baada ya Alasiri. Tulizitazama kwa wiki sita. Uani si maabara, wala magunia matano hayawezi kuhukumu biashara nzima, na ndiyo sababu hatutaji jina la duka wala la kampuni. Gunia la kesho kutoka duka lile lile laweza kuwa jingine kabisa.

Mgeni wa Ulaya

Lau tungefunga hesabu wiki ya pili, mfuko wa piti ungetoka mshindi. Mbegu zake ziliota mwanzo, miche ikawa sawasawa kama iliyopangwa kwa mkono, hapakuwa na gugu hata moja. Uzuri huo una sababu: piti huwa nyepesi, haina mbegu ndani yake, na watengenezaji huichanganya na chokaa kupunguza ukali wake na mbolea kidogo ya kuanzia. Mbolea hiyo hukusudiwa kutosha kwa wiki chache tu, na kweli wiki ya tano mchicha wetu ulianza kupauka.

Lililotushtua zaidi ni jambo jingine. Tulikwenda harusini Malindi, ndoo zikakosa maji siku moja na nusu. Tuliporudi piti ilikuwa imejikunja, imeachana na kuta za ndoo. Tulimwagilia, na maji yakateremka pembeni mbio hadi matunduni, katikati pakabaki pakavu kama unga. Piti ikishakauka sana huyakataa maji. Tulilazimika kuzitosa ndoo nzima ndani ya karai, zikae saa nzima mpaka zinywe. Katika nchi yenye mawingu na manyunyu hilo si tatizo kubwa. Juu ya sakafu ya nyumba ya Majengo, saa saba mchana, ni msiba.

Tena mfuko huo ulitugharimu zaidi ya mara tatu ya ule wa samadi wa ujazo sawa. Na piti yenyewe hujijenga polepole mno, kiasi cha milimita moja kwa mwaka, kwa hivyo kina cha ndoo moja ni kazi ya karne mbili au tatu. Huko Uingereza wenyewe, bustani za nyumbani zimekuwa zikihimizwa kwa miaka mingi ziachane nayo. Sisi hatuoni sababu ya kuianza wakati wao wanaiacha.

Takataka ya bibi zetu

Tofali la makumbi lilituletea mgeni asiyetarajiwa. Bibi mmoja wa mtaani, aliyekulia pwani ya kusini, alipoliona akacheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Wajukuu zangu, hii ndiyo mliyoitolea fedha? Sisi tulikuwa tukiimwaga!"

Akatueleza jinsi walivyokuwa wakifukia makumbi katika tope la ufukweni, pale maji yanapojaa na kupwa, wakiweka mawe juu yasichukuliwe na bahari. Baada ya miezi mingi huyafukua, wakayapiga kwa rungu juu ya gogo hadi nyuzi zikaachana. Nyuzi ndizo usumba, wa kusokotea kamba za vitanda na za majahazi. Vumbi la kahawia lililobaki chini ya gogo halikuwa na mwenyewe. Leo vumbi hilo linashindiliwa kwa mashine, linafungwa kwa plastiki, na sisi tunalipia.

Bibi hakukosea kucheka, lakini vumbi lina thamani yake. Tofali la kilo 5 likirowekwa huumuka na kujaza zaidi ya lita 60. Hushika maji mara nyingi ya uzito wake bila kugeuka tope, na likikauka hukubali maji tena kwa wepesi, jambo ambalo piti haiwezi. Katika joto letu, hiyo ni neema. Chakula cha mmea, hata hivyo, hakimo. Anayepanda katika makumbi matupu ni kama amemweka mgeni kwenye godoro zuri bila kumpa chakula.

Na humo mna chumvi. Kunde zetu za mwanzo ziliota, kisha kingo za majani zikaungua, zikawa za kahawia kama zilizopitishwa motoni. Tulirudi kwenye mabaki ya tofali, tukayaroweka na kuonja maji yake kwa ncha ya ulimi: munyu ulikuwa dhahiri. Mnazi wa pwani hunywa chumvi, na kumbi lililofukiwa katika maji ya bahari huizidisha. Watengenezaji makini huliosha vumbi kwa maji yasiyo chumvi na kulitibu kwa kalisi kabla ya kulikausha. Wasio makini hulikausha hivyo hivyo. Mfuko hausemi.

Tuliosha fungu la pili mara tatu ndani ya gunia la katani lililotundikwa, kila mara tukiacha maji yachuruzike hadi yaishe, na kunde za awamu hiyo hazikuungua. Tunajua mama anayenunua maji kwa mtungi kutoka mkokotenini atauliza maji hayo yatatoka wapi. Sisi tulitumia maji ya mvua tuliyokuwa tumeyakinga, na yaliyochuruzika tuliogeshea ua. Asiye na maji ya kuoshea ni bora anunue tofali ambalo muuzaji anathibitisha limeshaoshwa, au atumie makumbi kwa kiasi kidogo tu katika mchanganyiko.

Weusi si mboji

Udongo mweusi ndio unaonunuliwa zaidi, kwa kuwa ni rahisi na kwa kuwa jicho huupenda. Mboji iliyokomaa ni nyeusi, basi kila cheusi hudhaniwa ni mboji. Kiroba chetu kilikuwa kizito hata kikainuliwa na watu wawili. Tulijaza nusu ya chupa ya jemu kwa udongo huo, tukaongeza maji, tukaitikisa vizuri na kuiacha hadi asubuhi. Kabla hata hatujaondoka mezani, mchanga ulikuwa umeshazama na kushika zaidi ya nusu ya kilichomo. Asubuhi juu yake palikuwa na utando mwembamba wa udongo laini, na juu ya maji paliolea unga mweusi. Tuliuchota kwa kijiko, tukausugua kidoleni: vumbi la makaa. Makaa hayaui mmea, na kwa kiasi yana faida zake, lakini hapa kazi yake ilikuwa ni kupaka rangi.

Katika ndoo, udongo huo ulijifunga juu kama sakafu iliyopigwa saruji. Mchicha uliota kwa shida, ukabaki mfupi kama kidole. Hayo tungeyastahimili. Lakini tulipokuwa tukimwaga ndoo ya mwisho tulikuta vipande vya gilasi, msumari, na kipande cha betri kuukuu. Bila shaka udongo huo, au sehemu yake, ulichotwa jaani.

Hapa tunaomba akina mama wasimame kidogo. Gilasi itakata kidole na kidole kitapona. Betri ni jambo jingine, kwa kuwa baadhi yake zina madini ya risasi na sumu nyinginezo ambazo hazionekani, hazinuki, wala haziishi udongoni, na watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi, hasa akili zao. Mombasa hatuhitaji kuhadithiwa habari ya risasi. Wakazi wa Owino Uhuru walikwenda mahakamani kwa sababu yake, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, hukumu iliyozusha rufani juu ya rufani. Kiroba chochote kinachotoa betri, waya au vyuma vyenye kutu hakifai kwa mboga, na hakuna kuchekecha kutakakokisafisha. Sisi tulikirudisha chote, na ndoo zile tukaziosha mbali na watoto.

Ya mfugaji, na uzito wa maji

Mboji ya samadi haikuwa na mfuko wa kupendeza. Ilifungwa katika gunia la zamani la sukari, mdomo umeshonwa kwa katani. Lakini tulipotia mkono ndani hapakuwa na joto, na harufu yake ilikuwa ile ya ardhi baada ya manyunyu ya kwanza. Haikuwezekana kutambua jani wala kinyesi. Vyote vilikuwa vimekuwa kitu kimoja, chembechembe kama tambi zilizovunjwavunjwa. Nyungunyungu wawili walijitokeza, nasi tukafurahi kuwaona. Mchicha wa ndoo hizo ulipita viwiko vyetu kabla ya wiki ya sita, na ukachumwa mara mbili.

Aibu yake ilikuwa magugu. Yaliota pamoja na mchicha, mengi, tukayang'oa kila siku tatu. Lundo la mboji likipikika sawasawa hufikia joto la nyuzi 55 za Selsiasi na zaidi, likageuzwa mara kadhaa ili kila upande upate zamu ya kuwa katikati, na joto hilo likidumu siku nyingi huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Lundo la mfugaji wetu lilioza vyema ila halikuchemka vya kutosha. Jambo la pili ni uzito: peke yake ndani ya ndoo hushikamana baada ya muda. Tulipoichanganya mafungu mawili kwa fungu moja la makumbi yaliyooshwa na fungu moja la mchanga mwekundu wa kawaida, tulipata ndoo bora kuliko zote tano. Gharama yake ilikuwa chini ya theluthi ya mfuko wa Ulaya.

Hata gunia hilo zuri lilitufunza kitu. Lilipimwa kilo 20 mbele yetu. Tuliitandaza mboji juu ya mkeka kivulini kwa siku mbili, tukaipima tena: kilo 13. Saba zilikuwa maji. Mboji hai ni lazima iwe na unyevu, na mfugaji hakufanya hila, lakini ukweli ni kwamba mboji inayouzwa kwa kilo humpa muuzaji nafasi ya kuuza maji kwa bei ya mboji. Ndiyo sababu nchi nyingi za Ulaya huiuza kwa lita. Kipimo chepesi ni kuifinya kiganjani kwa nguvu. Ikishikana na kutoa tone moja au mawili, ni sawa. Ikimiminika kati ya vidole, omba ipunguzwe bei.

Hapo tulikumbuka kisa kinachojulikana na kila aliyehudhuria darasa, kilichopokewa na Abu Huraira na kuhifadhiwa na Imamu Muslim. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikapata majimaji. Alimuuliza mwenye mali, naye akajibu kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu, watu waione, kisha akamwonya kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Tumekuwa tukikisikia kisa hicho kikitajwa kwa nafaka na vitambaa. Kwa mboji hatukuwahi kukifikiria, ilhali hakuna bidhaa inayofanana na lundo lile zaidi ya gunia la mboji: juu kavu, chini majimaji, na mnunuzi anaona aibu kuingiza mkono.

Lililoua miche

Sasa turudi kwa gunia la dada. Ndoo zake tatu zilifanya yale yale yaliyotokea sakafuni kwake: kuota, kusimama, kugeuka manjano. Kilichokuwamo ni vumbi la mbao na maganda yaliyonyunyiziwa kinyesi cha kuku kidogo, yakafungwa kabla hayajaoza. Vijidudu vinavyoozesha mbao huhitaji naitrojeni, chakula kile kile kinachofanya jani liwe kijani, na vumbi la mbao lina naitrojeni kidogo mno. Vikiikosa ndani ya mbao huichukua popote ilipo, hata mbele ya mizizi ya mche. Ni kama karamu ambayo wageni wenye njaa wametangulia kwenye sinia. Watoto wakifika hukuta mifupa. Joto tulilolihisi ndilo lililokuwa ushahidi kwamba karamu ingali inaendelea.

Mboji haiharakishwi. Anayeitaka dalili yake aende Bamburi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya saruji huko, alianza kupanda miti katika machimbo yaliyobaki mwamba mtupu. Mivinje ndiyo iliyokubali kuota, lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Akaletwa jongoo, yule yule tunayemkimbia bafuni, akayala majani na kuyageuza mboji, nayo ikazaa udongo ambao haukuwapo. Leo watoto wetu hupelekwa huko na shule kuwatazama viboko na kobe chini ya miti, na chini ya miguu yao mna kazi ya jongoo ya miaka mingi. Kampuni inayojaza gunia kwa wiki tatu imeuza kila kitu isipokuwa muda.

Habari njema ni kwamba gunia bichi si hasara kamili. Tulimwaga mabaki ya dada katika pembe ya ua, tukaongeza samadi, maganda ya ndizi na ya mboga, tukalilowesha na kulifunika kwa makuti. Tuliligeuza kila wiki. Mwezi wa tatu joto lilikwisha na vipande vya mbao vikawa vinavunjika kwa kidole. Mwenye shaka na mboji aliyoinunua ajaze kikombe kimoja, asie kunde kumi, na kikombe cha pili ajaze udongo ambao anajua unafaa. Baada ya siku kumi vikombe hivyo viwili vitamwambia zaidi ya maandishi ya mfuko, naye hatakuwa amepoteza zaidi ya kunde ishirini. Mwenye kutaka kuuza miche kwa wingi apeleke sampuli ipimwe maabara. KALRO wana kituo Mtwapa, na kuulizia ni hatua ya kwanza.

Maswali mawili tuliulizwa mara nyingi tukiwa katika majaribio haya. La kwanza ni la tohara. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu hapa pwani, kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama nyama yake ni halali, lakini kukitia shambani kumeruhusiwa, na mboga iliyoota humo ni safi. Kilichogusana na samadi kioshwe kabla ya kuliwa. Vaeni nguo maalumu za bustani ambazo hamsali nazo, na anayetaka undani wa mas-ala ya kuuza na kununua samadi amwendee sheikh wake. La pili ni la akina mama wajawazito. Paka wa Mji wa Kale hupenda ndoo zenye udongo laini kuliko mahali popote, na kinyesi chao chaweza kubeba kimelea kinachomdhuru mtoto aliye tumboni. Mjamzito avae glavu, aoshe mikono kwa sabuni, au amwachie mwingine kazi ya udongo mpaka ajifungue. Na kwa kila mtu, kidonda wazi na samadi visikutane, kwani pepopunda hukaa humo.

Magunia mawili ambayo hatukuyagusa tulimsindikiza dada kuyarudisha. Muuzaji, kijana mpole asiyefika miaka 30, hakugombana. Alituapia kuwa huyapokea kutoka lorini yakiwa yameshafungwa. "Mama zangu, mimi mwenyewe sijui kilichomo. Natazama mfuko kama nyinyi." Tulilifungua gunia moja mbele yake, dada akamshika mkono na kuuingiza ndani. Aliutoa haraka kama aliyegusa sufuria. Alirudisha fedha za magunia hayo mawili. Za yale manne yaliyokwisha kutumika hakuwa na uwezo wa kuzirudisha, na chama kimemwongezea dada miezi miwili ya kulipa.

Dania ya Ramadhani ile ilimpita. Ameatika upya sasa, katika mchanganyiko wa ndoo zetu, miche 80 tu. Juma lililopita tulikuwa kwake simu yake ilipolia. Lori lilikuwa limefika dukani, na yule kijana aliwaambia wapakuzi wangoje, asingelipa mpaka mama mmoja aje. Dada alivaa buibui lake, akakunja mkono wa kulia hadi kiwiko, akashuka ngazi.